Kabla Hatujakukabidhi Shule ya Jirani

Ndugu Mkurugenzi,

Marahaba. Shikamoo yako siku ile ya mahafali ya darasa la saba katika shule yako binafsi niliipokea kwa furaha, na ukarimu wenu sitausahau: kiti cha mbele, maji ya baridi, na pilau ambayo haikuwa na haraka ya kufika. Nakuandikia hadharani kwa sababu wewe nawe ulisema hadharani, tena kwa kipaza sauti ambacho, kwa upepo wa ziwa ulivyovuma mchana ule, kilisikika mpaka ng'ambo ya ukuta wako, kwenye shule ya serikali nilikofundisha hadi nikastaafu.

YAH: OMBI LAKO LA KUKABIDHIWA SHULE YA JIRANI

Ulisema Serikali ikukabidhi shule ile, majengo pamoja na ruzuku yake, na ndani ya miaka mitatu Mwanza nzima itakuja kujifunza kwako. Wazazi walipiga makofi. Mheshimiwa Diwani alipiga makofi. Nami nilipiga, maana nimelelewa vizuri. Nilifurahi pia kwamba hotuba yote ilikuwa ya Kiswahili fasaha, chini ya ubao wenu unaowakataza watoto kuzungumza Kiswahili. Kipindi cha michango kilikuwa kinakaribia, na mchango huombwa kwa lugha inayoeleweka.

Ombi lako nimelitafakari, pengine kuliko ulivyolitafakari wewe ulipokuwa umeshika kipaza sauti. Si wazo la kuchekwa. Limekwisha kujaribiwa mbali na karibu, na jaribio mojawapo liko hapahapa mjini kwetu, juu ya kilima. Ukitoka Igogo au ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga unaliona.

Nianze na yanayokustahili. Kwako mwalimu yumo darasani. Usidhani nasema jambo dogo. Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilipotuma watu kuzitembelea shule zetu bila taarifa, walikuta zaidi ya nusu ya walimu hawamo madarasani, na wengi wao walikuwa shuleni, ndani ya uzio, wakiwa ofisini, chini ya mwembe, au wakijaza fomu ya takwimu ambayo ofisi imeitaka leo kabla ya saa sita. Kwako madaftari yanasahihishwa. Ya mjukuu wangu nimeyaona, kila ukurasa una wino mwekundu. Watoto wanakula mchana. Choo kina maji.

Ndiyo, mjukuu wangu yuko kwako. Anayelipa ni binti yangu, na kila akiniuliza kwa nini asimpeleke kayumba, hiyo shule ya serikali alikofundisha mama yake, mimi huomba chai. Wala siko peke yangu. Simama getini kwako alfajiri uone ni nani wanaoshuka na watoto, au wanaowapungia wakiwa kwenye yale mabasi ya njano: walimu wa serikali, watumishi wa halmashauri, mganga wa zahanati. Wanaoiendesha shule ya umma wamekwisha kupiga kura yao, na kura hiyo umeipata wewe. Sikunyimi.

Tatizo langu ni ule ulinganisho. Ulisimama ukasoma wastani wa shule yako, kisha kwa huruma kubwa ukasoma na wa jirani. Watu wakaguna. Hukusoma jinsi watoto wa kila upande walivyopatikana.

Kwako mtoto wa miaka sita anakuja kwa usaili. Anasomeshwa, anaandikishwa jina lake, anahesabishwa. Akiyaweza, mzazi anapewa fomu na namba ya akaunti. Asipoyaweza, nafasi zinakuwa zimejaa. Kwa maneno mengine, hukufungua shule ya kumfundisha kusoma asiyejua kusoma. Hilo unatuachia sisi. Usaili huo ndio mlango wa kwanza. Mlango wa pili ni ada, na wenyewe unachuja bila kusema neno. Mlango wa tatu ndio ninaoutaka tuuzungumze taratibu, kwa kuwa umetazama nje: wastani. Mtoto asiyefikia wastani wa shule anakaririshwa darasa, na akishindwa tena mzazi anaitwa, anapewa soda, anaambiwa kwa upole kwamba kijana angefaa zaidi mahali pengine. Wizara imelikemea jambo hili mara nyingi, na mara nyingi wakurugenzi wamelipokea karipio kwa heshima. Mahali pengine hapo ni wapi? Ni ng'ambo ya ukuta. Mimi niliwapokea, wakiwa na soksi nyeupe na macho mekundu, katikati ya darasa la sita. Kwenye wastani wako hawamo. Kwenye wa jirani wamo.

Msomaji asiyeniamini anaweza kujihesabia mwenyewe bila kuomba kibali cha mtu. Baraza la Mitihani huweka hadharani matokeo ya darasa la nne ya kila shule, na ya darasa la saba vilevile. Chukua shule yoyote yenye sifa, hesabu majina ya darasa la nne, kisha fungua matokeo ya darasa la saba ya miaka mitatu baadaye, uhesabu tena. Kisha nenda ng'ambo ya ukuta ufanye hivyohivyo. Shule yako siitaji. Mwanzoni mwa 2023 Baraza lenyewe liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, na wako waliolalamika kwamba ushindani umeuawa. Kama mashindano yenyewe ni ya kumtoa uwanjani mchezaji aliyechoka na kumvika jezi ya timu pinzani, basi marehemu hana haja ya matanga.

Sasa nikuambie utakabidhiwa nini. Shule ile inapokea watoto wa mwaloni, zinakotia nanga mashua za wavuvi. Omba buku la mahudhurio la mwaka wowote, uliweke meza moja na kalenda ya mwezi wa angani. Giza likiingia mashua zinatoka na taa zake, dagaa wanavuliwa usiku kucha, na asubuhi inatakiwa mikono ya kuwatandaza kabla jua halijakaza, ya kuwageuza, ya kufukuza kunguru. Mikono ya bei nafuu kuliko yote ni ya mtoto wa darasa la nne. Mbalamwezi ikirudi mashua zinapumzika, na darasa linajaa hadi dirishani. Mimi nilikuwa na darasa la watoto mia na ushee wakati wa mbalamwezi. Giza likija linabaki nusu. Nikajifunza kuweka kugawanya kwa tarakimu mbili wakati wa mbalamwezi, na wakati wa giza nikarudia majedwali na waliopo. Hakuna semina iliyonifundisha hilo, na azimio la kazi halina safu ya mwezi.

Tena hao ni wale wanaobaki. Samaki wakiadimika baba anahamia mwalo mwingine, Kome au Ukerewe, na mtoto anaondoka bila barua ya uhamisho. Mwaka unaofuata anarudi, amekuwa mrefu, amesahau kusoma. Tunampokea. Kwako mtoto akikosa siku tatu mzazi anapigiwa simu. Huku simu ya mzazi iko majini, na mtandao umeishia ufukweni.

Utasema, ndiyo maana naitaka shule hiyo, niwaokoe hao. Vizuri. Tuangalie wenzetu waliojaribu.

Marekani wanazo shule za umma zinazoendeshwa na vikundi binafsi kwa mkataba. Sheria ya kwanza ilipitishwa jimbo la Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa mwaka uliofuata. Fedha ni za umma, na ada haitozwi. Usaili wa kuchuja watoto kwa kawaida haupo: waombaji wakizidi nafasi, majina yanapigiwa kura ya bahati nasibu. Hapo ndipo watafiti walipopata njia ya kulinganisha kwa haki, maana waliopata na waliokosa walitoka katika kundi lilelile la wazazi wenye hamu ileile. Boston, kwa njia hiyo, shule za mkataba zilionekana kuwainua watoto kwa kiasi kikubwa. Kwa nchi kwa ujumla habari ikawa nyingine. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuta asilimia 17 tu ya shule hizo zimezipita za kawaida katika hesabu, asilimia 37 zimefanya vibaya zaidi, na zilizobaki hazina tofauti ya kuonekana. Walipopima tena, matokeo yakatoka 2023, walizikuta zimesogea mbele kidogo: kama siku 16 za masomo kwa mwaka katika kusoma na 6 katika hesabu. Siku sita, Ndugu Mkurugenzi. Kwetu hizo ni siku za maandalizi ya Mwenge.

Turudi Afrika, usije ukaniambia hayo ni ya Wazungu. Liberia mwaka 2016 ilikabidhi shule 93 za serikali kwa waendeshaji binafsi, na zikachaguliwa kwa bahati nasibu ili zipimwe vizuri. Baada ya mwaka mmoja watoto walifanya vizuri kuliko wenzao, na hilo lisemwe wazi. Lakini kampuni ya Bridge, iliyopewa shule nyingi, iliruhusiwa kuweka kikomo cha watoto darasani. Waliozidi wakaambiwa waende kwingine, na walimu wengi waliokuwapo wakaondolewa. Waendeshaji kadhaa walitumia fedha nyingi kupita ruzuku waliyopewa. Ukiruhusiwa kupunguza watoto, kubadilisha walimu na kuongeza fedha, hata mimi na goti langu hili bovu nitapandisha wastani.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa imeanzia Nairobi, Mukuru, mwaka 2009, kwa shule za ada ndogo ambamo mwalimu husoma somo zima kwenye kishikwambi, neno kwa neno. Wengi tuliwacheka. Utafiti uliotolewa 2022, wa watoto zaidi ya 10,000 walioomba ufadhili na kugawanywa kwa bahati nasibu, ulituziba midomo: waliopata nafasi walijifunza zaidi, tena sana. Nalisema ingawa halinipendezi. Mwalimu aliyemo darasani na mwenye somo lililoandaliwa anamshinda msomi aliye ofisini. Walimu wa serikali wa hapa kwetu nao waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Sina uhakika kama somo zima limewahi kuingia humo, ila muziki upo.

Waganda walipita njia nyingine. Walipoanzisha elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007 waliziomba shule binafsi zisaidie kupokea watoto, Serikali ikizilipa shilingi zao 47,000 kwa mwanafunzi kwa muhula. Watoto wengi waliingia darasani kwa njia hiyo, na wenye shule wakalalamika miaka yote kwamba fedha ni kidogo na zinachelewa. Ilipofika 2018 Serikali ilikuwa imeamua kuufunga mpango.

Hapo ndipo ninapokuuliza habari ya hiyo ruzuku unayoitaka. Unaijua? Kiwango chake kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zinazotakiwa kuingia akaunti ya shule. Zilizobaki ni za vitabu. Shule yenye ada ya milioni moja na nusu, na kwa Mwanza hiyo si ada ya juu, inapokea kwa mtoto mmoja kiasi kile ambacho shule ya jirani inaandikiwa kwa watoto 150. Najua mishahara ya walimu wetu inatoka Hazina na haimo kwenye hesabu hiyo. Hata ukiijumlisha, bado utahitaji miwani kuiona chaki. Tangu Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango, kamati ya shule ikitaka mlinzi hutembea na daftari kwa upole kuliko mhubiri wa mtaani.

Tena fedha peke yake haitoshi. Hilo limepimwa humuhumu Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza na washirika wake, kwa mpango wa KiuFunza, walichukua shule za msingi 350. Baadhi walizipa ruzuku kamili moja kwa moja. Baadhi waliwaahidi walimu bahashishi kwa kila mtoto atakayejua kusoma na kuhesabu. Baadhi walizipa vyote viwili. Matokeo, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha kwamba ruzuku peke yake haikuongeza ujuzi wa watoto. Vyote viwili vilipokwenda pamoja, ujuzi ulipanda waziwazi, zaidi ya jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Shule hizo hazikubadilishiwa mwenyewe. Walimu walikuwa walewale wa serikali, madarasa yaleyale, na watoto hawakuchujwa.

Nilikuahidi kilima. Hospitali ya Bugando ilijengwa na Kanisa Katoliki, ikafunguliwa 1971, haikukaa sana ikataifishwa, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa maaskofu kwa makubaliano: wao wanasimamia, Serikali inachangia watumishi na fedha. Hapa Mwanza hatukuhitaji kusafiri mpaka Minnesota kuuona mkataba wa namna hiyo. Shule za misheni zilizochukuliwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1969 hazikupata njia hiyo ya kati. Zilikwenda moja kwa moja serikalini, na yako mambo tuliyoyapata na mengine tuliyoyapoteza. Kwa hiyo siogopi neno kukabidhi. Lakini Bugando inamhudumia mgonjwa wa Kanda ya Ziwa yote, aliyekuja kwa ndege na aliyeletwa kwa mtumbwi kisha bodaboda, na haijawahi kumuuliza mtu wastani wake getini. Ingekuwa inapokea wenye afya nzuri tu, takwimu zake za kupona zingekuwa kama zako.

Kwa heshima yote, basi, ombi lako naliunga mkono. Chukua shule. Chukua na watoto wote wanaoishi kwenye kata hii, wanaojua kusoma na wasiojua, wenye sare na wasio nazo, na nafasi zikijaa tupige kura ya bahati nasibu uwanjani, mchana, wazazi wakiona. Usiwatoze ada, wala kiingilio, wala kile kinachoitwa mchango wa hiari wenye tarehe ya mwisho. Ruzuku utakayoipata ni hiyo ya 10,000, ije siku itakapokuja. Walimu ni hawa waliopo. Wafundishe kazi kama unavyowafundisha wa kwako, maana hilo unaliweza, na wakigoma niite nije niseme nao. Kisha kila Januari ubandike getini idadi ya walioandikishwa, na kila mwaka idadi ya waliobaki, mpaka darasa la saba. Ukifika huko na wastani wako ukiwa juu ya wa leo, nitapanda jukwaani nikupigie magoti, ingawa umri na desturi vinanikataza.

Kama masharti haya ni mazito, liko jepesi. Tusigawane shule, tubadilishane walimu kwa mwaka mmoja. Wa kwako wavuke ukuta waje kwenye darasa la mia na ushee, wa serikali wahamie kwenye viyoyozi vyako na watoto thelathini. Wazazi wako wakikubali jambo hilo, tutajua kwamba kweli wanalipia walimu. Wakikataa, nadhani tutajua pia.

Sipendi ubaki na fikra kwamba makombora yote ni yako. Mheshimiwa Diwani aliyepiga makofi anajua kwamba halmashauri nazo zimeingia kwenye biashara hii, zinafungua shule za serikali za mchepuo wa Kiingereza zenye ada. Dar es Salaam wanazo za siku nyingi, Olympio na Diamond, na wazazi wanazigombania. Siyo dhambi. Ila ardhi ni ya umma, majengo ni ya kodi ya muuza dagaa wa Kirumba, na mwanawe hawezi kuingia. Tukikubali hivyo, tutakuwa tumejenga ukuta wako kwa fedha zetu wenyewe. Wewe angalau ulijenga kwa mkopo wa benki.

Na wewe mwenyewe, kama kumbukumbu yangu ya majina haijachakaa, ulisoma upande huu wa ukuta, kabla haujajengwa. Hukusailiwa. Ulikuja na kaka yako, viatu mkononi, na mwalimu mkuu akaandika jina lako bila kukuuliza herufi.

Uandikishaji wa darasa la awali na la kwanza huanza Oktoba. Njoo ukae mezani na mwalimu mkuu kwa wiki moja, uwaone wanaoletwa, uwaandike kwa mkono wako. Ukimaliza orodha hiyo na bado unaitaka shule, kamati itakuitia kikao, na mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha kidole.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mwanza.

Nakala: Mheshimiwa Diwani, kwa taarifa na, akipata nafasi, kwa utekelezaji.